Maji ya Samaki wa Monsieur Nicolas

Jumanne, tarehe 11 mwezi wa nane, 1964

Leo wameingia hapa nyumbani. Nasema nyumbani, lakini nyumba ni ya Monsieur Nicolas, Mgriki mwenye duka la vitambaa. Alikwenda Ulaya kutibiwa macho kabla ya mji kutekwa, akatuachia funguo mimi na mume wangu Asumani. Mimi napika na kusafisha. Asumani asubuhi anafanya kazi pharmacie, duka la dawa, mchana anachunga samaki wa Monsieur: aquarium ya vioo, ndefu kama kitanda, na ndani yake samaki wa bahari walioletwa kwa ndege kutoka Mombasa. Kisangani tuna mto mzima umejaa samaki, na mzee huyu analeta wengine kwa ndege, wa kutazama tu! Nimemcheka miaka yote hiyo. Leo sikucheka.

Simba, yaani vijana wa uasi, walisikia pompe ya hewa ya samaki inavuma salon, sebuleni, wakadhani ni redio ya kupigia mbali. "Phonie! Munaita Wamerika!" Walimwangusha Asumani wakamponda mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Ndipo akaingia kapiteni wao, kijana mwembamba, kipande cha ngozi ya chui kichwani. Akainama mbele ya kioo.

"Hapana phonie," akasema. "Iko mbisi." Mbisi, yaani samaki. Akacheka. "Mbisi ya rangi! Muache huyu papa, huyu mzee."

Anaitwa Hubert. Kuanzia kesho atakaa hapa na watu wake.

Tarehe 13

Sheria za nyumba zimetangazwa. Hawa vijana wamepigwa dawa, na dawa yao inageuza risasi kuwa maji. Lakini ina miiko: mwanamke asiwaguse, asiguse chakula chao, asitie mkono katika maji yao. Kwa hiyo mimi nikae jikoni nyuma ya ua, hatua chache tu mkabala na mlango wa salon, lakini salon nisikanyage. Wanajipikia wenyewe. Harufu ya kuungua inafika mpaka huku, roho inaniuma.

Kisha Hubert alimwambia Asumani, tena kwa upole, kama mwalimu anavyogawa kazi: "Hizi mbisi sasa iko za Révolution. Zikikufa, nitajua nani anafanya sabotage."

Sabotage, hujuma. Jana walimpiga risasi karani wa posta kwa neno hilo hilo.

Tarehe 20

Hakuna jipya. Mkono wa Asumani umevimba.

Tarehe 2, mwezi wa tisa

Mvua za kwanza. Vidole vya Asumani vinatoa usaha. Alijaribu kutia mkono kwenye aquarium, maji ya chumvi yakamchoma hadi machozi. Wa kushoto peke yake hauwezi kazi ile: kusugua kioo, kunyonya uchafu wa chini kwa bomba, kuinua mawe.

"Fatouma," akaniambia, "itabidi weye."

"Miye? Na miiko yao?"

"Asubuhi wote wanakwenda doria. Nitasimama dirishani kabla ya kwenda pharmacie."

Basi leo nimetia mikono yangu miwili katika maji ya Révolution. Samaki wote wakakimbilia pembeni. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliichomoa mikono na kuificha kwenye kanga kama mwizi. Lakini nitafanya nini? Wasiposafishiwa watakufa, na wakifa atakufa Asumani.

Tarehe 8

Jioni Hubert anakaa chini sakafuni mbele ya kioo na kuwalisha. Anatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe anamdonoa vidole. Namsikia kutoka jikoni akimuuliza Asumani: bahari iko na ng'ambo? Inaonekana? Chumvi inatoka wapi? Kumbe alikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu huko Yahuma. Hajawahi kuona bahari, na Asumani naye hajaiona, lakini anamjibu kama mtu aliyezaliwa pwani. Mume wangu ni mwongo mzuri akiogopa.

Sijui kwa nini jioni hizo hofu yangu inapungua kidogo. Sauti yake haina ubaya.

Tarehe 14

Mama Clothilde kapita na samaki kutoka kwenye maporomoko. Mume wake ni Mugenya, anavua pale pale kwenye maji makali, wala vita havijamtoa. Akachungulia stoo, akaona magunia ya chumvi ya Monsieur.

"Fatou! Watu wanakula pondu bila chumvi mji mzima, na mbisi zenu ndizo zinatiwa chumvi kwa gunia? Mbisi gani hizo, za chifu?"

"Za Révolution," nikasema.

Akaziba mdomo. Nikamfungia kikopo kimoja cha chumvi ndani ya jani. Akanibusu mashavu yote mawili, akaondoka mbio.

Tarehe 17

Samaki wameshikwa na kitu. Asubuhi nilidhani ni mwanga. Wana vitone vyeupe, kama mtu kawanyunyizia unga wa muhogo, mapezi yote na macho. Wanajikuna kwenye mawe, wanahema juu juu.

Asumani alipowaona alikaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo. "Points blancs," akasema. "Ni vidudu. Monsieur alipoteza aquarium nzima kwa hivi, mwaka ule wa Uhuru."

Jioni Hubert aliuliza: "Wako na nini?"

"Homa kidogo, kapiteni. Mvua."

"Utawapa dawa."

"Nitawapa."

"Bon," akasema Hubert. Neno moja tu, lakini Asumani alikuja jikoni shati limelowa.

Tarehe 20

Vitone vimeanguka! Wote wasafi. Nimeswali rakaa mbili za shukrani, nikapika wali.

Tarehe 24

Nimeswali mapema mno. Vimerudi, mara kumi. Asumani anasema ndiyo tabia yao: kidudu kikishiba kinamwacha samaki, kinaanguka mchangani, kinazaa, na watoto wote wanapanda kutafuta samaki. Ukiwaona wasafi ndipo uogope. Sikujua kama kuna ugonjwa unaomcheka mtu hivyo.

Tarehe 26

Pharmacie ina kopo la zamani la sulfate de cuivre, dawa ya shaba, mawe ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wa Bengamisa walikuwa wakinunua kupulizia miti. Kwenye kopo kuna fuvu la mtu na mifupa miwili. Monsieur alikuwa akiitumia hiyo hiyo, kidogo sana. Asumani kayeyusha katika chupa na kunionyesha matone. Ikipungua, vidudu vinaishi. Ikizidi, samaki wanakufa. Mkono wangu ndio ulidondosha, kwa sababu wake unatetemeka.

Kopo tumelificha nyuma ya unga. Fuvu lile mtu asilione.

Tarehe 2, mwezi wa kumi

Wasafi. Sisemi kitu. Sipiki wali.

Tarehe 6

Vimerudi. Asumani alijipiga kofi usoni kwa mkono mzima. Tulisahau matumbawe! Yale mawe meupe ya bahari na makombe, ni chokaa tupu, na chokaa inakula shaba yote. Tulikuwa tunatibu mawe. Samaki mweusi wa mistari hali tena.

"Utatoa mawe yote," akaniambia. "Kisha tuanze upya."

"Hubert ataona."

"Mwambie... hapana, weye huwezi kumwambia. Nitamwambia ni usafi."

Tarehe 10

Samaki wa manjano amekufa. Tulitoa mawe, tukatia matone yale yale ya zamani, na bila mawe dawa imekuwa kali. Nimemkuta asubuhi ubavu juu. Nilimtoa nikamfunga ndani ya jani la ndizi na kumfukia penye mchicha, mvua ikininyeshea, na huku nikilia kwa sauti kama nazika ndugu. Si kwa ajili ya samaki, Mungu anajua. Nilikuwa naona mtu mwingine ndani ya jani lile.

Asumani kabadilisha nusu ya maji. Chumvi mpya, maji ya mvua. Tunangoja jioni.

Tarehe 10, baada ya chakula

Hubert alihesabu. Alihesabu kwa kidole kwenye kioo, polepole, mara ya kwanza na ya pili. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ngumi mdomoni.

"Ule wa njano iko wapi?"

Nilijua Asumani atadanganya, atasema samaki amejificha, yuko chini ya mchanga. Nilimjua mume wangu, au nilidhani. Akasema: "Amekufa, kapiteni. Dawa ilizidi. Kosa iko yangu."

Pompe inavuma. Kisha Hubert akasema: "Pale Yahuma nilikuwa na watoto arobaini darasani. Wawili walikufa na surua. Mimi pia nilisema kosa iko yangu." Akagonga kioo kwa ukucha. "Mmoja nasamehe. Wa pili, Asumani, hata mimi sitaweza. Vijana wanaangalia. Wanasema hizi mbisi iko alama."

Asumani alipokuja jikoni nilimshika uso. Miaka minane nimemwita mwoga moyoni mwangu. Leo sijui nimwite nani.

Tarehe 13

Mvua.

Tarehe 14

Mvua. Wanakula. Wa mistari kala mdudu mmoja.

Tarehe 19

Hubert alikwenda vitani kwenye barabara ya kusini, karudi leo. Shati lake lina matundu mawili, moja kwapani, moja ubavuni, na ngozi haina hata mkwaruzo. Alimwonyesha Asumani akicheka: "Tia kidole! Risasi ilipita, ilikuwa maji!" Vijana wakaimba ua mzima. Kisha akaja kwa samaki wake, akakunja mkono wa shati lenye matundu, akautumbukiza ndani.

Asubuhi ile ile mikono yangu ilikuwa mle mle. Nilikuwa katika siku zangu, tena. Ee Mola, funga macho yao.

Tarehe 30

Safi, na safi ya kweli. Asumani ananifundisha kupunguza shaba kidogo kidogo. Mkono wake umepona nusu, vidole viwili havikunjiki. Lakini ananiachia kazi, anasema mikono yangu inajua sasa.

Tarehe 6, mwezi wa kumi na moja

Ndege zinapita juu. Watu wanasema Kindu imeanguka mikononi mwa askari wa serikali na Wazungu wao. Malori yanarudi kutoka kusini na vijana wachache kuliko walivyokwenda. Hubert halishi samaki tena. Anapita mbele ya kioo bila kuinama. Jana alimpiga mmoja wa vijana wake mateke kwa sababu ya kupika vibaya, na sauti ile haikuwa ya mwalimu wa Yahuma.

Tarehe 9

Mama Clothilde kasema wanachukua wanaume mtaa wa Mangobo, wenye mikono laini, waliosoma. Nimempaka Asumani majivu mikononi. Akanitazama tu, hakunicheka.

Tarehe 12

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Leo mganga wao alikuja, yule anayewapiga dawa. Aliwakusanya salon. Nilisikia kila neno. Vijana wanakufa mbele, alisema, kwa sababu maji ya dawa yamechafuka. Mto umechafuka, visima vimechafuka, wanawake wamechota humo. Yanatakiwa maji ambayo hayajawahi kuguswa na mwanamke wa nchi hii. Kisha akanyoosha mkono kwenye aquarium. "Haya yametoka baharini. Yalivuka mbinguni ndani ya ndege. Yamekaa na wanaume tu. Kesho kutwa kila Simba atakunywa kikombe, atanyunyiziwa, atakwenda."

Vijana wakapiga kelele za furaha. Hubert akasema: "Itafanyika."

Asumani alikuja jikoni, akafunga mlango.

"Shaba iliyobaki haitaua mutu," akasema. "Ni kidogo sana. Lakini chumvi, Fatouma! Kikombe kizima cha maji ya bahari! Watatapika wote, lori zima. Watatafuta sumu. Watafungua stoo, watalikuta kopo."

"Tulitupe kopo."

"Na rangi ya buluu kwenye chupa, kwenye vidole vyangu? Na mwenye pharmacie ataulizwa. Watasema mimi, mutu wa pharmacie, nimewapa sumu." Akaketi. "Nitamwambia Hubert. Nitamwambia iko dawa ya mbisi, haifai kunywa."

"Utamwambia kwamba umetia dawa ya fuvu katika maji yao, tangu mwezi wa tisa, kwa siri? Atakupiga risasi kabla hujafika kwenye neno mbisi."

Nje mvua inapiga mabati. Nimefikiri mchana kutwa, na kila njia inaishia penye mchicha.

Iko njia moja. Maji yale hayafai kwa dawa yao hata bila shaba. Mwanamke ameyagusa.

Tarehe 13

Sikumwambia Asumani. Angenizuia, au angekwenda yeye.

Vijana walikuwa sokoni wanachukua lori. Hubert alikuwa barazani peke yake, anasafisha bunduki. Nilivuka ua kwenye mvua. Nilisimama chini ya ngazi, mbali, ili hata kivuli changu kisimguse.

"Mama, rudi jikoni," akasema bila kuinua macho.

"Kapiteni, maji ya mbisi hapana kunywa."

"Kwa nini?"

Nilisema haraka, la sivyo nisingesema kamwe: "Mimi njo nasafisha. Mkono wa Asumani muliuvunja ninyi wenyewe. Nimetia mikono yangu mle, hata katika siku zangu. Adhabu iko yangu, hapana yake."

Aliweka bunduki chini. Nilifumba macho. Nilisikia mvua tu.

"Tangu lini?"

"Mwanzo wa mwezi wa tisa."

Nilipofumbua, alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Aliugeuza, mgongo na kiganja. Nilijua anafikiri nini: kila jioni aliutia humo. Nikaogopa zaidi, nikaanza kubwabwaja ili kujiokoa: "Lakini kapiteni, weye ulikwenda vitani mwezi wa kumi ukarudi! Shati ilitobolewa, weye ulikuwa muzima! Donc, basi, dawa haikuvunjika. Ilikulinda tu."

Aliinua uso. Ni kijana, wallahi, ni mdogo kuliko mdogo wangu.

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Kama ilivunjika mwezi wa tisa, ile siku sikuwa na dawa. Nilikuwa mutupu. Na risasi ilipita tu. Hivi hivi." Akafumba kiganja. "Donc na wale waliokufa, dawa yao ilikuwa muzima. Na walikufa."

Nilitaka kuomba radhi, lakini ya nini hasa?

"Nani anajua?"

"Hakuna."

"Usiseme kwa mutu. Wakijua, watakuua weye, na mimi baada yako. Kesho nitafanya kitu. Rudi jikoni." Nilipogeuka akaongeza: "Mbisi zimepona?"

"Zimepona, kapiteni."

"Bon."

Tarehe 14

Kabla ya vijana kuamka Hubert mwenyewe alijaza pipa kwa maji ya mvua, akaomba kwa Asumani konzi ya chumvi, moja tu. Akawaambia ameyachota aquarium. Walipanga mstari. Alikunywa wa kwanza, akajinyunyizia kichwani, akapiga kelele "Maji!" na wote wakaitikia. Hakuna aliyetapika. Walikuwa na furaha kama watoto wa sikukuu. Nilitazama kupitia tundu la mlango na sikuweza kuvumilia furaha ile.

Lori likiwa linanguruma alizunguka nyuma, akaja mlangoni pa jikoni. Tulikuwa wawili tu. Akaninyooshea mkono. Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikarudi nyuma.

"Pokea tu, mama. Sasa haidhuru."

Nikaupokea. Ulikuwa mkono wa mtu yeyote, na jasho. Alinishika kidogo zaidi ya salamu, akaachia, akaenda.

Asumani ananiuliza kwa nini nalia, mambo si yameisha salama?

Tarehe 16

Mizinga, mbali, upande wa Wanie-Rukula. Asumani anasema ni radi.

Tarehe 17

Si radi.

Tarehe 19

Lori limerudi leo mchana. Limerudi na vijana wanane, wawili wamelazwa chini. Hubert hayumo.

Walisimama ua mzima wakimsimulia Asumani, wote kwa pamoja. Kapiteni alitembea mbele, wima, hakuinama hata mara moja, hata walipomwita. Hakujificha nyuma ya mti. Alikwenda tu barabarani kama anakwenda shuleni, na wao kwa kumwona walimfuata, kwani maji yalikuwa na nguvu. Risasi ya kwanza haikumpata, ya pili haikumpata. Baadaye ikampata.

"Aligeuka kuangalia nyuma, njo kisa," akasema mmoja. "Alivunja muiko. Alitaka kuona kama tunamufuata. Maji ni mazuri, papa! Sisi tulikunywa, tuko wazima."

Na sasa wanayataka tena. Wazungu wako karibu, kesho au kesho kutwa, na Simba wameleta wengine, vijana wapya kutoka Mangobo, bado wamevaa mashati ya shule. Wote wamepanga mstari mbele ya salon na vikombe mkononi. Asumani alikuja jikoni akanitazama. Nikamwambia tuwaambie ukweli, maji hayana kitu, warudi kwa mama zao. Akasema: "Wataamini nani, Fatouma? Watatuua, na kisha watakwenda vile vile."

Nilichungulia mlangoni. Mmoja wao alikuwa anakohoa.

Nikakinga maji ya mvua kwenye ndoo, nikatia konzi ya chumvi, na kwa kuwa hakukuwa na kijiko karibu nikakoroga kwa mkono. Nikayaonja. Nikaongeza chumvi kidogo, ili yafanane na ya bahari. Asumani akaichukua ndoo akaenda nayo mbele.